Pembe Mbili za Plastiki

Mjini Kolwezi ukisema unasoma kemia, watu wanataka kujua jambo moja tu: shaba au kobalti? Hakuna la tatu. Mimi, Chancelle, nilisema plastiki, na tangu siku hiyo nikawa kichekesho cha bure. Walicheka wenzangu wa chuoni, akacheka shemasi wa kanisa letu, na hata Mama Fifi anayeuza plastiki kwa mita katika soko la Manika, ambaye ndiye angepaswa kunitetea, alinipimia huku akitikisa kichwa.

"Ku université majiwe imeisha?" aliniuliza.

Nilimwambia mawe yapo tele, ndiyo maana nimeyachoka. Mimi ni mtu wa kupandwa na hasira haraka, na siku hiyo nilikuwa nimeulizwa swali hilo tangu asubuhi.

Lakini wewe chukua plastiki hiyo ya Mama Fifi, ile nyembamba inayoonyesha, ambayo watu hufunika meza au huziba paa linalovuja. Ipasue kwa urefu. Inakwenda mstari mmoja safi mpaka mwisho, utadhani umeikata kwa mkasi. Sasa ipasue kwa upana. Inavutika, inagoma, inakutoa jasho. Kila mtu hapa anajua hivyo kwa mikono yake na hakuna anayejiuliza sababu. Mimi nilijiuliza. Vitabu vinasema kwamba kiwandani plastiki huvutwa ingali ya moto, na fuwele zilizomo ndani yake, ndogo kupita kiasi, hujipanga kufuata ule mvuto. Kusoma hivyo hakukunitosha. Nilitaka kuzishuhudia fuwele hizo zimejipanga, na nilitaka kwa namna ya kukosa usingizi, ingawa binti yangu Abigaëlle, mwenye miezi mitano, alikuwa tayari ananikosesha wa kutosha.

Kuziona kwa macho haiwezekani, ila kuna njia. Idara yetu ina spektromita, mashine inayopitisha mwanga wa infrarouge, ule usioonekana, ndani ya kitu kigumu, kisha inachora kwenye skrini ni mwanga gani uliomezwa. Plastiki yangu huchora vilele viwili vyembamba vilivyosimama bega kwa bega. Mimi niliviita pembe, na jina likashika. Mbele ya plastiki unaweka kidude cha duara kiitwacho polariseur, ambacho huruhusu tu mwanga unaotikisika upande mmoja. Hapo unaanza kukizungusha. Kama fuwele zimejipanga, pembe moja inapanda na mwenzake anashuka, na ukizidi kuzungusha wanabadilishana. Kama fuwele zimekaa ovyo ovyo, zungusha mpaka mkono uume, pembe hazina habari na wewe.

Shida ni kwamba spektromita ni moja, na wenye kobalti wamejaa mlangoni kwake. Dawa za majimaji zinazotumika kuichuja kobalti hupimwa hapo hapo. Msimamizi wangu, Profesa Mukuna, ambaye sote tunamwita Tata, yaani baba, mtu mkubwa wa mwili na mpole wa sauti ambaye maisha yake yote amekula na metali, alinipa nafasi ya kupima plastiki yangu kwa sharti moja. Ijumaa idara ingekutana kugawa mada za mwaka wa mwisho. Nikileta jibu linaloeleweka, plastiki inabaki kuwa yangu. Nisipoleta, nitapewa mchanga wa mabaki ya madini kule Kingamyambo, kazi ambayo imeshafanywa na watu wengi mpaka naona mchanga wenyewe umechoka. Hata kuiwaza nilikuwa siwezi bila kununa.

Basi nilikata vipande kumi na viwili kutoka roli moja, vyote upande mmoja, urefu mmoja, nikaviandika namba. Nikaviosha, kwa sababu malori ya mgodi yanapita karibu na kwetu na vumbi lake linaingia hata ndani ya sukari, na vumbi likikaa kwenye plastiki, mashine inachora vumbi. Nikavianika uani kwa vibanio, kando ya nepi za Abigaëlle. Mume wangu Mechack ndiye aliyevianua. Yeye ni muuguzi katika kituo cha afya hapo Kasulo, mtu wa utaratibu hadi anakera, na asubuhi alinikabidhi vipande vyangu ndani ya bahasha kubwa ya picha za eksirei, vimenyooka vizuri, namba zimefuatana. Nilimshukuru, nikapanda taxi-moto, pikipiki ya kukodi, nikaenda zangu.

Kipande cha kwanza, pembe hazikutikisika. Nilizungusha polariseur huku, nikazungusha kule, zimesimama tu kama walinzi. Cha pili vile vile. Cha nne, nikahisi pembe ya kushoto imejivuta kidogo, nikadhani ni hamu yangu inanidanganya. Cha saba, haikuwa hamu tena. Kila kipande kilichofuata kilizidi kilichotangulia, na nilipofika cha kumi na mbili, pembe zilikuwa zinacheza: moja juu, moja chini, zungusha, zinabadilishana. Nilikaa pale nimeziba mdomo kwa mikono miwili. Blandine, katibu wa idara, alichungulia akaniuliza kama nimepata msiba.

Nilimwita Profesa Mukuna. Aliyatazama majibu yangu kwa mpangilio, la kwanza hadi la mwisho, akavuta kiti.

"Mama Chancelle, sikia. Hii appareil inapataka moto pole pole. Asubui iko baridi, saa sita iko moto. Njo maana bintu byako binapanda. Weye ulipima mashini, haukupima plastiki."

"Tata Prof, hapana."

"Njo vile. Hata mi ilinifanyaka vile zamani."

Nilitoka pale nimevimba. Kilichoniuma ni kwamba alichosema kilikuwa na maana. Mashine ikipata joto inaweza kusogeza vipimo vyote polepole, na mimi nilipima kwa kufuata namba, baridi kwanza, joto baadaye. Nilitembea mpaka barabara ya lami nikijibizana naye kichwani, na nilipofika kwenye kituo cha taxi-moto nilijua cha kufanya. Kilikuwa rahisi hata nikacheka peke yangu mbele ya madereva.

Kesho yake nilianza na kipande cha kumi na mbili, mashine ingali baridi. Kama profesa alisema kweli, kipande hicho sasa kingekufa ganzi na cha kwanza ndicho kingecheza. Niliweka, nikazungusha. Pembe zilicheza kwenye ubaridi ule ule. Nikashuka, cha kumi na moja, cha kumi, nikiona uchezaji unapungua ngazi kwa ngazi, mpaka nikafika cha kwanza wakati mashine imepata moto sawasawa, na pembe zake zimelala. Jambo lilikuwa ndani ya vipande. Niliingia ofisini kwa profesa bila kubisha hodi, kitu ambacho sijawahi kufanya.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akakubali kwamba mashine haina kosa. Kisha, kwa upole wake ule, akaninyang'anya ushindi.

"Sasa iko mubaya zaidi. Ulinunua rouleau moja, sivyo? Upande moja, siku moja. Kiisha inakupa majibu kumi na mbili. Kintu chenye hakina tabia moja, utaandika nini juu yake? Kesho, vendredi, nitakutia ku Kingamyambo. Haiko azabu, mama. Utamaliza haraka, utapata kazi."

Angenigombeza ningejua la kujibu. Kwa huruma ile nilikusanya tu vipande vyangu nikaondoka.

Nilirudi nyumbani mvua ikininyeshea, nikiwa na hasira na roli, na kiwanda, na Mama Fifi, na mtu aliyegundua kobalti. Mechack alikuwa barazani anapiga pasi nepi, Abigaëlle amelala kwenye mkeka nyuma yake. Sikumsalimu hata. Nilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya dirishani, nikavitandaza vipande vyangu kwenye mwanga wa jioni, nikivitazama kama mtu anayetafuta mwizi kati ya watoto wake.

Hapo ndipo nilipoona cha kwanza ni kifupi. Nilikiweka juu ya cha kumi na mbili: kimepungukiwa kama upana wa kidole. Cha pili nacho kifupi, ila si sana. Cha tatu, ufupi wake umepungua zaidi. Nilivikata vyote kwa rula moja, na rula yangu hailewi. Nikakishika kile cha kwanza kwa vidole, nikahisi kimekuwa kinene. Nikakiinua dirishani. Juu yake kulikuwa na alama ndogondogo za mraba, safu kwa safu, nyuzi zimepishana na nyuzi. Zilikuwa alama za kitambaa.

Niligeuka. Mechack alikuwa ametandaza kitambaa kilicholowa juu ya nepi na anaburuta pasi ya makaa juu yake, polepole, moshi wa maji ukipanda.

"Tata Abi," nilimwita. "Hii plastiki yangu, ulifanya nayo nini?"

"Nilianua."

"Kiisha?"

"Kiisha nilipiga fer."

"Ulipiga fer plastiki?"

"Ilikuwa pa kamba moja na nepi," alisema, kama mtu anayeeleza jambo la wazi. "Nzi anatagaka mayai mu bintu bibichi, haulizake kama ni coton ao ni plastiki. Weye utashika ile plastiki, kiisha utashika mutoto. Mi siko mujinga, niliweka kitambala ya maji juu yake."

Lazima niwe mkweli kwa upande wake. Kwetu nguo iliyokauka nje haivaliwi kabla ya kupita pasi, kwa sababu kuna nzi anayetaga kwenye unyevu, na yai lake likigusa mwili linageuka funza chini ya ngozi. Mechack amewakamua watoto wa Kasulo funza hao mpaka anawaota. Kwake yeye kitu kilichotoka kwenye kamba ni kitu cha kupigwa pasi, iwe ni soksi, awe ni askofu. Lakini wakati ule sikuwa na nafasi ya haki. Nilifungua mdomo nimchome, na maneno yalikuwa tayari, makali, ya kutosha wiki nzima. Halafu jicho langu likaangukia namba.

Nilikaa chini. "Ulianza na numéro gani?"

"Moja. Ningeanza na gani?"

"Na makala ya fer ilikuwa namna gani?"

"Mwanzo ilikuwa moto mubaya. Numéro moja ilitaka kushikama ku kitambala. Kiisha makala ikaanza kuisha, fer ikapoa pole pole. Ile ya kumi na mbili ni kama niliipapasa tu." Akaniangalia vizuri. "Mama Abi, juu ya nini unahesabu na vidole?"

Nilihesabu kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Kiwandani fuwele zilipangwa kwa kuvutwa, zikapoa zikiwa zimejipanga. Ukizirudishia moto zinalegea, zinayeyuka, plastiki inajikunja na kurudi ilikotoka, na zikipoa mara ya pili hakuna wa kuzivuta, kila moja inasimama inavyotaka. Kipande cha kwanza kilipata moto wote. Cha kumi na mbili kilipapaswa tu. Katikati yao pasi ilikuwa inapoa, na mume wangu, kwa utaratibu wake wa kukera, alikuwa amefuata namba. Roli haikuwa na majibu kumi na mawili. Ilikuwa na jibu moja, lililopigwa pasi ngazi kumi na mbili, na mashine ilikuwa imezisoma zote bila kukosea. Mimi niliyetaka kuona fuwele zimejipanga, nilikuwa nimeona pia zinavyoachana.

Furaha ilinishika mpaka ikanitia woga. Nilimkumbatia Mechack na pasi yake mkononi, nusura tuungue wote wawili.

"Uko na kasirani ao uko na furaha?" aliuliza, mikono juu. "Nijue nisimame fasi gani."

"Vyote. Kesho unapita kwanza ku université na mi. Na fer."

"Fer ya makala? Ku université? Batu batasema nini?"

"Baseme."

Ijumaa asubuhi tulimwacha Abigaëlle kwa jirani, tukaenda kwa taxi-moto mbili, mimi mbele na roli yangu, Mechack nyuma na koti lake jeupe la kazi, pasi amepakata kama jogoo wa kupeleka kwa wakwe. Mlinzi wa lango alimuuliza anakwenda kwa nani, akajibu anakwenda kupiga pasi, akaruhusiwa. Tulikoleza makaa nje, kisha tukaingia maabara, dirisha wazi kwa ajili ya harufu. Nilimfuata Profesa Mukuna ofisini kwake. Alikuwa ameshavaa koti la mkutano.

"Tata Prof, nipe nafasi kidogo tu. Kama ni bure, nitaenda ku Kingamyambo bila kusema neno."

Alinifuata, nadhani kwa kuona nilivyohangaika. Alipoiona pasi alisimama mlangoni. Akamtazama Mechack, akaitazama tena pasi, akaingia.

Nilikata kipande kipya kutoka roli, ambacho hakijaona maji wala moto, nikakiweka ndani ya mashine. Kisha nikaondoka kwenye kiti, nikamwomba akae yeye. Nilikuwa nimechoka kuambiwa habari za mashine. Mkono uwe wake. Alikaa, akashika polariseur, akazungusha. Pembe ya kushoto ikapanda, ya kulia ikashuka. Akazungusha tena, zikabadilishana. Akaguna.

"Hii njo rouleau ile ile?"

"Ile ile."

Nilikitoa kipande, nikampa Mechack. Alikilaza kwenye meza ya saruji, akakifunika kwa kitambaa chenye maji, akaweka pasi juu yake akihesabu kimya, kwa uso ule ule anaoupanga akichoma mtu sindano. Alipofunua, kipande kilikuwa kimejivuta. Profesa alikiona mwenyewe, alinyoosha shingo. Nilikirudisha ndani ya mashine. Kama pembe zingecheza sasa, yote niliyoyajenga tangu jana jioni yangekuwa hadithi ya mwanamke na mume wake. Nilimwomba Mungu kwa Kiluba, lugha ya bibi yangu, ambayo huwa naikumbuka nikiwa na hofu tu.

Profesa akazungusha. Hakuna kitu. Akazungusha upande wa pili, polepole, kisha haraka. Pembe mbili zimesimama sawa, hazina habari naye. Akaondoa mkono, akaurudisha, akajaribu tena. Mechack alinikanyaga mguu kuuliza kama mambo ni mazuri.

"Kata ingine," alisema profesa. "Na weye, docteur, acha fer ipoe kwanza kidogo."

"Ni infirmier, Tata Prof."

"Acha ipoe, infirmier."

Kipande cha pili kilipigwa pasi iliyopoa. Pembe zilicheza, lakini nusu nusu, kama mtu anayecheza na viatu vya kuazima. Profesa Mukuna alivua koti lake la mkutano akaliweka juu ya ndoo. Akataka cha tatu, cha moto zaidi ya cha pili. Akaanza kubashiri kabla ya kuzungusha, na alipobashiri sawa alipiga goti lake kwa kiganja. Akaniuliza kama tunaweza kupata kipimajoto cha kuweka chini ya kitambaa. Akamuuliza Mechack makaa yake ni ya mti gani. Mimi nilikuwa nakata, naandika namba, nakata, machozi yananitoka na sina mkono wa kuyafuta, na sikuona haya hata kidogo.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Blandine, kalamu mkononi, na nyuma yake upepo wa ukumbini ukaingia wote ndani ukaelekea dirishani.

"Tata Prof, batu bote bamekaa, banakungojea weye tu. Na banauliza: Mama Chancelle tumuandike ku Kingamyambo?"

Nilisimama na mkasi hewani. Profesa Mukuna hakugeuza kichwa, jicho lake lilikuwa kwenye skrini.

"Andika plastiki," alisema. "Na funga mulango, upepo inapoza fer."